Unyevu wa Kona ya Tatu

Ukimtafuta kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake utazunguka mji mzima na hutampata. Ulizia Vumbi, na hata mtu anayepita njia atakunyoshea kidole. Jina hilo alipewa na madereva kwa utani, kwa sababu kazi yake ni kuzuia vumbi, na hakuna kiumbe aliyewahi kuonekana na vumbi jingi mwilini kuliko yeye. Lipo kwenye kope, lipo masikioni, na akikohoa unaweza kudhani mtu anakung'uta mkeka. Mkewe humvulisha viatu nje ya mlango kila jioni, kisha soksi, na siku za upepo mkali humvua na shati pia, majirani watazame wasitazame.

Yeye ndiye fundi wa kiwanja cha mashindano ya magari kilicho nyuma ya maghala. Usije ukafikiria viwanja vya lami unavyoviona kwenye televisheni. Hii ni njia ya udongo iliyojipinda mviringo, ina kona nne, imezungushiwa ukuta wa matairi machakavu yaliyopakwa chokaa. Upande mmoja kuna ngazi za mbao, na watazamaji wazoefu huja na magazeti ya kukalia, maana mbao zile zina vibanzi na vibanzi havina adabu. Magari yenyewe ni makweche yaliyong'olewa viti vya nyuma na vioo, yakafungwa vyuma vya kumkinga dereva. Lakini yakishaanza kunguruma, hata mtu mzima mwenye heshima zake husimama juu ya ngazi akapayuka mpaka sauti imkauke.

Kazi ya Vumbi ni kuulea ule udongo. Huukwangua na kuusawazisha kwa greda, huumwagilia kwa boza la maji, kisha huushindilia kwa rola mpaka uwe mgumu na uweze kushika tairi. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi nyepesi. Maji yakipungua, magari hutimua vumbi na watu hurudi makwao na vikohozi. Yakizidi, kona inakuwa sabuni. "Udongo ni kama mama mkwe," alikuwa akisema. "Ukimpa kidogo ananung'unika, ukimpa kingi anakuharibia mambo." Mkewe akiwepo, husema udongo ni kama shemeji.

Sasa, kiwanja kile kina desturi moja ambayo usipoijua hutaielewa fedheha iliyompata. Asubuhi ya mashindano, kabla gari lolote halijawashwa, madereva wote huvua viatu na kumfuata fundi wa kiwanja kwa miguu, kona hadi kona. Wanaita kukanyaga. Fundi hutangulia, na kila anapofika husema udongo ulivyo: hapa pagumu, hapa pana unyevu, hapa patateleza. Husema mara moja, wala habishiwi. Wakitoka hapo madereva huchagua matairi na kupanga namna ya kukata kila kona kwa kuliamini neno lake. Baada ya kukanyaga, udongo hauguswi tena. Boza hupita mara moja tu kudondosha manyunyu ya kutuliza vumbi, basi. Miaka yote aliyoifanya kazi ile, Vumbi hakuwahi kuwakanyagisha watu uongo, na jambo hilo alijivunia kuliko mtu anavyojivunia nyumba ya ghorofa.

Ana binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda. Ni fundi breki katika gereji moja ya barabara kuu, mikono myeusi kwa grisi, mdomo mwepesi. Amekulia kiwanjani. Alipokuwa mdogo baba yake alimpakata juu ya greda, akamfundisha kuusoma udongo kabla mwalimu hajamfundisha kusoma kitabu. Mfano wake ulikuwa ni ile kona ya tatu, kona mbaya kuliko zote. "Upande wa ndani kuna usalama," alimwambia, "upande wa nje kuna ushindi." Mzazi, chunga unachomwambia mtoto. Wewe utasahau, yeye hasahau.

Kitinda alipokua alinunua kweche lake, akalifufua kwa mikono yake mwenyewe, akashindana na wanaoanza mpaka wakamchoka, na hatimaye kamati ikampandisha daraja la wakubwa. Vumbi alitangaza habari hiyo kila kona ya mtaa. Kwa mdomo alikuwa anajivuna. Tumboni alikuwa na hofu iliyomkosesha usingizi, na hofu hiyo hakumwambia hata mkewe.

Alikuwa na sababu. Watazamaji huijua kona ya tatu kwa mbele, yeye aliijua kwa nyuma. Ni yeye anayemwaga mchanga juu ya mafuta yaliyomwagika, ni yeye anayeokota vioo. Kuna dereva mmoja, mtu wa kicheko, ambaye Vumbi alisaidia kumtoa kwenye gari lililobondeka pale pale. Siku hizi husukumwa kwenye kiti cha magurudumu kuja kutazama, na bado anacheka. Hakuna aliyewahi kumlaumu fundi kwa ajali ile, lakini Vumbi akisalimiana naye hutazama chini.

Basi asubuhi ya mashindano ya kwanza ya Kitinda katika daraja la wakubwa, watu walivua viatu wakakanyaga. Walipofika kona ya tatu Vumbi alisema, "Upande wa nje, pagumu. Panashika." Ilikuwa kweli tupu. Kisha akamwona binti yake akibonyeza kisigino pale kwenye upande wa nje na kutabasamu peke yake. Hapo hapo akajua atapita wapi.

Madereva walipokwenda kufunga matairi, alipanda boza kwenda kudondosha manyunyu. Alipofika kona ya tatu, upande wa nje, alifungua koki yote. Akaenda taratibu, udongo ukanywa mpaka ukashiba. Hesabu yake ilikuwa hivi: Kitinda ataona udongo mweusi, ataogopa, atapita ndani na wenzake, atamaliza salama miongoni mwa wa mwisho, na dunia itaendelea. Madereva wengine hawakuwa na uwazimu wa kupita nje pale, kwa hiyo hakuna atakayedhurika wala kujua. Ni hesabu ya mzazi hiyo, haijakanyaga darasani. Hakuukumbuka upepo. Upepo ulitoka upande wa maghala, ukabeba vumbi jepesi, ukalitandaza juu ya ule unyevu vizuri kabisa, na kufikia saa ya bendera kona nzima ilikuwa na rangi moja.

Kitinda alikuwa wa tatu walipoifikia kona ile kwa mara ya pili. Waliomtangulia walikata ndani. Yeye akatoka nje kama alivyofundishwa, bila kugusa breki, na ngazi nzima ikasimama kumshangilia. Kisha gari likamponyoka. Halikupinda tena, lilikwenda ubavu ubavu mpaka kwenye ukuta, matairi yakaruka juu na chokaa ikatanda hewani.

Vumbi alikimbia kuliko umri wake ulivyomruhusu. Alipofika, Kitinda alikuwa ameshatoka kupitia dirishani, ameshika kifundo cha mkono, uso wake mzima. Pua ya gari ilikuwa imeingia ndani kama ya bondia. Mtangazaji alikuja mbio na kipaza sauti chake, maana watu wa namna hiyo hawaachi maiti ipoe, akamwuliza mbele ya kiwanja chote kimetokea nini.

"Nimekosea mimi," Kitinda alisema. "Niliingia na kasi nisiyoiweza."

Baba yake alikuwa amesimama karibu nao kiasi cha kuweza kukishika kile kipaza sauti. Watu wa ngazini walianza kucheka, wengine wakamwambia binti arudi gereji akafunge breki za wenzake, na baba akasimama pale akisikiliza. Halafu, kana kwamba hilo halitoshi, alilichukua greda na kuikwangua kona ya tatu, akisema anaondoa mafuta. Mafuta hayakuwepo. Alikuwa anafukia kosa lake mchana kweupe.

Jioni mkewe alimfunga Kitinda kitambaa mkononi. Binti alikaa mezani, akamwuliza baba yake, bila hata chembe ya shaka usoni, "Baba, hebu niambie ukweli. Asubuhi nilikanyaga vizuri. Nimekosea wapi?"

Hapo ndipo Vumbi alipopata nafasi aliyoitafuta, imeletwa mpaka mezani. Akasema, "Kasi, mama. Kasi ilizidi."

Kitinda akaitikia kwa kichwa, akakubali. Alikubali kama alivyokubali kila kitu baba yake alichowahi kumwambia kuhusu udongo, na hilo ndilo lililomchoma. Siku zilizofuata alikuwa akirudi kutoka kazini, anavuta bakuli la sukari katikati ya meza, anazungusha kijiko pembeni yake taratibu, akitafuta lile kosa. Anazungusha, anasimama, anarudi nyuma, anaanza tena. Vumbi akiona kijiko kile anaondoka mezani. Chakula kilimshinda. Alikuwa anaoga muda mrefu mpaka mkewe akagonga mlango kumwuliza kama leo ameamua kutoa vumbi la utotoni.

"Una nini wewe?" mkewe alimwuliza.

"Sina kitu."

"Mtu asiye na kitu hatii chumvi badala ya sukari kwenye chai akanyamaza," mkewe akamjibu, na kweli ndivyo alivyokuwa amefanya.

Aibu ni mdudu wa ajabu. Kosa ukilifanya mbele za watu, aibu yake inakuja mara moja, inakupiga, inaondoka. Lakini ile ya kosa ambalo mwenzako amelibeba kwa niaba yako, tena anakushukuru kwa mafunzo, hiyo inahamia kabisa na godoro lake. Vumbi alianza kukwepa macho ya binti yake ndani ya nyumba ya vyumba viwili, jambo ambalo ni kazi kubwa.

Kisha kamati ikaitisha mkutano katika banda la vifaa. Mwenyekiti, mtu mpole mwenye tabia ya kusafisha miwani akiwa na habari mbaya, aliisafisha sana siku ile. Alisema baadhi ya madereva wanaona Kitinda amepandishwa mapema, ni hatari kwake na kwa wenziwe, na pengine arudi kwa wanaoanza. Kitinda alikuwa amekaa nyuma kwenye rundo la matairi. Alisema, "Kama kamati imeona hivyo, nakubali. Kosa lilikuwa langu."

Vumbi akasimama. Hakuwa ameandaa maneno, na alipoyapata yalikuwa machache. "Halikuwa kosa lake. Baada ya kukanyaga nilimwaga maji kona ya tatu, upande wa nje. Nilifungua koki yote. Nilitaka aogope apite ndani. Halafu nikaikwangua ili msione."

Alisubiri wamfukuze. Aliomba moyoni wamfukuze, wamtukane, wamnyang'anye funguo za boza, mtu yeyote amkunje shati. Badala yake dereva mmoja mkongwe, wanamwita Breki Hakuna kwa sababu ya namna anavyoendesha, akaanza kucheka. "Sisi nasi ni wazazi," alisema. "Damu nzito kuliko maji, Vumbi, ila wewe umetumia vyote viwili." Wengine wakacheka. Mwenyekiti akavaa miwani yake, akasema ni kosa kubwa na lisirudiwe, lakini mzazi ni mzazi. Kitinda akabakizwa daraja la wakubwa. Wakapeana mikono. Mtu mmoja akampigapiga Vumbi mgongoni, vumbi likatoka, wakacheka tena.

Alipogeuka kumtazama binti yake, alidhani ataona ahueni. Kitinda alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva. Mlangoni mtu mmoja alimpisha kwa adabu za kejeli akasema, "Tumpishe Mtoto wa Boza." Jina likashika papo hapo, kama majina mabaya yanavyoshika.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Kitinda alitangulia, na Vumbi akawa anamfuata nyuma kama mtu aliyeachishwa kazi. Karibu na nyumbani binti alisimama.

"Baba, kwa nini umesema kule?"

"Walikuwa wanakushusha, mama. Ningekaa kimya tena?"

"Ungeniambia mimi kwanza. Nyumbani. Nilikuuliza mezani, ukaniambia kasi."

"Niliona aibu."

"Sasa naona mimi." Hakuwa amepaza sauti. "Jana nilikuwa dereva aliyekosea. Kila dereva anakosea, Breki Hakuna ameangusha ukuta ule mara ngapi? Leo mimi ni mtoto ambaye baba yake anamwagia maji ili asiumie. Kona zote nilizowahi kushinda watauliza kama ulinimwagia. Hata mimi nitajiuliza."

Vumbi alitaka kumwambia habari za yule mtu wa kiti cha magurudumu, lakini Kitinda alizijua, walizijua wote.

"Wenzangu wote wanaogopewa na mama zao," Kitinda akasema. "Lakini hao mama hawana boza." Akaingia ndani.

Siku iliyofuata Vumbi alikwenda kwa mwenyekiti, akasema kona ya tatu inataka kujengwa upya. Hakusema uongo. Ilikuwa imechoka kwa miaka mingi, mtaro wake umeziba, mvua zimeula ule mteremko unaoyasaidia magari kupinda. Alikuwa akiahirisha tu, maana ni kazi ya kuvunja mgongo. Sasa aliitaka kazi hiyo kama mgonjwa anavyotaka dawa chungu. Yeye na mwendesha rola, jamaa mmoja mwenye upara mng'avu ambaye kila mtu alimwita Kipara, waliibandua kona nzima mpaka kwenye kokoto. Walizibua mtaro. Walileta udongo mwekundu wa kunata, wakauchekecha, wakautandaza tabaka kwa tabaka, kila tabaka likashindiliwa kabla ya jingine kuwekwa. Upande wa nje waliuinua, ili gari liegemee pale badala ya kutupwa nje. Nyuma yake wakaujenga upya ukuta wa matairi, safu mbili, zimefungwa kwa mkanda.

"Unamjengea ukuta au kitanda?" Kipara aliuliza.

Vumbi hakucheka. Madereva walikuja kutazama, wakakiri hawajawahi kuona kona nzuri namna ile. Kitinda hakuja. Nyumbani alimsalimia baba yake asubuhi na jioni, kwa heshima zote, na hakumwuliza neno hata moja kuhusu udongo. Hilo lilimuumiza Vumbi kuliko kununiwa.

Siku ya mashindano ikafika. Alfajiri Vumbi alipitisha boza kiwanja kizima, akakisubiri kinywe, akamwita Kipara akashindilia. Aliirudia kona ya tatu kwa macho, kwa kiganja, kwa kisigino. Aliridhika. Watu wakavua viatu. Kitinda alikuwa katikati ya kundi, suruali ameikunja, na hakuna aliyetania, maana kwenye kukanyaga watu hawataniani.

"Kona ya tatu," Vumbi alisema walipofika, na sauti yake ilikuwa imara. "Upande wa nje, pagumu. Pakavu. Panashika."

Kundi likasogea. Kitinda hakusogea. Alichuchumaa pale juu, karibu na mwisho wa kona, akaweka kiganja chini, akakiacha pale kidogo.

"Hapa pana maji, baba."

Hakuna aliyekuwa amewahi kumbishia fundi kwenye kukanyaga. Vumbi alimwendea, akapiga magoti, akaweka kiganja chake pembeni ya kiganja cha binti yake. Palikuwa na unyevu. Si mwingi, kipande cha upana wa boza, pale pale ambapo gari linaloteleza huanza kuteleza. Alipapita mwenyewe alfajiri. Alijaribu kukumbuka mkono wake ulikuwa umefanya nini kwenye koki alipofika hapo, na hakukumbuka kitu. Alichokumbuka ni kwamba alikuwa akimfikiria Kitinda. Hata kisigino chake alichokipitisha kona nzima kilipakwepa mahali hapo, na hakujua.

Kipara alimwonea huruma. "Koki ya boza inavuja," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilishasema, ile koki inavuja."

Madereva walikubali haraka. Walitaka kukubali. Neno la kumwokoa lilikuwa hewani, alichotakiwa ni kulidaka tu, na koki yenyewe kweli ilikuwa na tabia ya kudondosha. Vumbi alibaki magotini. Uso ulimwaka mpaka machozi yakamlenga, mtu mzima, mbele ya watu wasio na viatu.

"Haivuji," alisema. "Niliikaza vizuri jana. Ni mkono wangu. Niliapa nisirudie, na nimerudia bila kujua. Neno nililowapa sasa hivi si kweli. Naomba mashindano yacheleweshwe, niikaushe."

Hakumtazama Kitinda. Alikwenda kwa mwenyekiti, na mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena bila kuisafisha, akakubali. Ngazi zilikuwa zimeshajaa. Mtangazaji, ambaye hajui kunyamaza, aliwaeleza watu wote sababu ya kungoja. Basi Vumbi alipanda greda mbele ya umma ule, akakwangua kile kipande, akakigeuza, akakiacha kipigwe na jua, akakigeuza tena. Walimzomea. Walimwimbia Boza, Boza, kwa makofi. Mtu wa kiti cha magurudumu alikuwa mbele kabisa, na yeye peke yake hakuimba. Kipara alipotaka kumpokea, Vumbi alikataa, akapanda rola mwenyewe akashindilia, kwenda na kurudi, polepole kama rola inavyokwenda, na rola haina mwendo wa kumkimbiza mtu kwenye aibu. Alipomaliza aliwaita madereva waje kukanyaga upya. Walikuja. Kitinda akabonyeza kisigino, akarudi kwenye gari lake.

Vumbi akampa Kipara funguo za boza, akaenda kusimama kwenye uzio wa kona ya tatu, mikono mifukoni.

Bendera ikaanguka. Siwezi kukusimulia mashindano yale kwa macho yake. Waliokuwa karibu naye wanasema Kitinda alipita nje kila mzunguko, gari limelalia ule mwinuko, matairi yamekaza. Wanasema mara moja alimpita Breki Hakuna hapo hapo, na mzee yule alitoa mkono dirishani kumtukana kwa heshima. Mshindi alikuwa mwingine. Ngazi ilishangilia, kisha ikaanza kumwagika kwenda nyumbani, na Vumbi alikuwa bado ameshika uzio.

Kitinda alikuja kwa miguu, helmeti kwapani, uso mwekundu kwa udongo, sasa wanafanana.

"Wa nne," alisema.

"Nimeona."

"Hukuona. Nilikuwa nakutazama kila nikija. Ulikuwa umefumba macho."

Vumbi alitafuta uongo mdogo, akaukosa. "Nilifumba," alisema. "Nisamehe. Sikuweza."

Kitinda alifuta midomo kwa nyuma ya mkono. Alimtazama baba yake kwa muda, kope zile, masikio yale.

"Fumba tu, baba," alisema. "Heri ufumbe macho kuliko ufungue koki."